Tangi la lita 840: pampu ya kurudisha maji ya lita 10,000 kwa saa, inatosha au inazidi?

Sangara wa Sebuleni (mleta uzi)

Habari za muda huu wakuu.

Nimejipanga miezi mingi na hatimaye tangi limesimama. Urefu sm 200, upana sm 60, kimo sm 70, yaani lita 840 kwa hesabu ya vioo. Chini, ndani ya kabati, kuna sampu (tangi dogo la chujio linalopokea maji yanayoshuka) ya sm 100 kwa 45 kwa 45. Ni maji baridi (yasiyo ya chumvi), na watakaokaa humo ni samaki aina ya oska wanne na wenzao wa ukubwa huohuo: walaji na wachafuzi wa daraja la kwanza.

Kilichobaki ni pampu ya kurudisha maji juu. Nimesoma kwamba maji yanatakiwa yazunguke mara 10 kwa saa, kwa hiyo jicho langu liko kwenye moja iliyoandikwa lita 10,000 kwa saa. Bomba ni la mm 20, ninalo tayari na linapenya vizuri nyuma ya kabati. Urefu wake mita 3 hivi, kona nne. Nakaribisha maoni kabla sijatoa hela.

---

Ngisi

Nimevuta kiti. Nina tangi la lita 400 na swali hilihili.

---

Kambale Mkuu

Chukua hiyo ya 10,000 mkuu, usijiulize mara mbili. Ikizidi unaibana kwa koki. Ikipungua ndiyo utajuta.

---

Mzee wa Sampu

Mleta uzi, kama bado hujalipa, rudisha pochi mfukoni kwanza.

Angalia boksi la pampu yoyote. Utakuta namba mbili kubwa: lita kwa saa, na mita za kupandisha. Watu wengi wanazisoma pamoja, kwamba pampu hii inatoa lita 10,000 na kuzifikisha mita 4. Hapana. Lita 10,000 ni pale pampu inapomwaga usawa uleule wa maji, haipandishi chochote. Mita 4 ni pale maji yamefika kileleni na kusimama, hakuna hata tone linalotoka. Namba hizo mbili hazijawahi kukutana. Wewe utaishi mahali fulani katikati, na hapo katikati boksi halisemi kitu. Panasemwa na grafu iliyo kwenye kijikaratasi cha ndani, inayoonyesha lita ngapi zinatoka kwa kila kimo, ile ambayo mstari wake unashuka kutoka kushoto kwenda kulia. Pampu isiyo na grafu mimi siinunui, hata ikisifiwa vipi.

Sasa nipe vipimo viwili. Kutoka usawa wa maji kwenye sampu (siyo sakafuni, siyo kwenye pampu) hadi usawa wa maji ya tangi juu ni sentimita ngapi? Na maji yanashuka kwa njia gani, bomba moja, mawili, ukubwa gani?

Halafu hiyo mara 10. Ni kanuni ya zamani, ya wakati ambapo pampu ya sampu ndiyo pekee iliyokuwa ikitikisa maji tangini. Siku hizi kazi ya kutikisa tunawapa pampu ndogo za mawimbi zinazobandikwa kiooni. Hizo zinasukuma maelfu ya lita kwa wati kumi na kitu tu, kwa sababu hazipandishi maji popote, zinayazungusha palepale. Kupandisha ndiko kunakokula umeme. Pampu ya kurudisha ipe kazi yake: kupeleka uchafu kwenye chujio na kurudisha maji yaliyopumua. Mara 4 hadi 5 kwa saa inatosha kwa oska wako. Hiyo ni lita 3,400 hadi 4,200.

---

Kambale Mkuu

Mzee wa Sampu, oska wanne unawajua kweli? Wale hawali, wanabomoa. Mara 4 kwa saa utabaki na kinyesi sakafuni.

---

Mzee wa Sampu

Nawajua, nimelea. Kinyesi kinachobaki sakafuni hakijakosa pampu kubwa chini ya kabati, kimekosa mkondo wa kukipeleka kwenye meno ya kufurikia (mapengo ya juu ambapo maji ya tangi yanamwagikia kwenda sampu). Weka pampu ya mawimbi upande wa mbali, ielekeze chini kidogo, utaona kinavyosafiri. Maji ya pampu ya kurudisha yanatokea juu na yanachotwa juu. Ukiyaongeza mara mbili, sakafu haitajua.

Ila nakukubalia moja: mara 2 kwa saa kwa samaki hao ingekuwa kidogo.

---

Sangara wa Sebuleni

Nimepima. Kutoka maji ya sampu hadi maji ya tangi ni mita 1.35. Kushuka kuna matundu mawili ndani ya kisanduku cha kufurikia, yote ya bomba la mm 40. Fundi wa tangi aliniambia moja ni la kawaida, moja la dharura.

---

Fundi Bomba

Samaki sijui sana ila mabomba ndiyo ugali wangu, acha nichangie hapo kwenye mm 20.

Chukulia unataka lita 4,000 kwa saa zifike juu. Mita 1.35 ni lazima, hiyo huwezi kuikwepa. Juu yake kuna deni la msuguano, na deni hilo linategemea unene wa bomba kuliko kitu kingine chochote. Kona moja kali ya nyuzi 90 inahesabiwa sawa na bomba lililonyooka lenye urefu wa mara 30 ya kipenyo chake. Nimekupigia hesabu ya mita 3 na kona nne, kwa kipenyo cha ndani:

mm 20: maji yanakwenda mita 3.5 kwa sekunde, na pampu inaona kama umeiongezea karibu mita 4 za kupanda.
mm 25: inaona nyongeza ya mita 1 na nusu.
mm 32: nusu mita tu.

Ni makadirio, lakini ona mwenyewe tofauti. Tangi lilelile, pampu ileile. Kwa bomba la mm 20 unaitafuta pampu ya kufikisha lita 4,000 kwenye mita 5 na zaidi. Kwa mm 32 unaitafuta ya lita 4,000 kwenye mita 1.9. Hizo ni pampu mbili zisizofanana hata kwa jina.

Kwa kiasi kilekile cha maji, msuguano unapungua takriban kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tano. Ndiyo maana kuhama kutoka 20 kwenda 25, milimita 5 tu, kunaondoa theluthi mbili ya deni.

Na usidanganywe na tundu la pampu. Likiwa mm 25 haimaanishi bomba liwe mm 25. Weka redusa (kiungo cha kubadilisha unene wa bomba) palepale kwenye pampu, panua uende na 32 hadi juu, ubane tena kwenye mdomo wa mwisho kama unataka. Kona kali moja unaweza kuibadilisha kwa mbili za nyuzi 45. Na yunioni (kiungo cha bomba kinachofunguka kwa mkono) usisahau! Siku ya kuitoa pampu kuisafisha utanishukuru.

---

Ngisi

Fundi Bomba hiyo ya mara tano imenikalisha. Mimi nina mm 16 😅

---

Fundi Bomba

Ngisi, mpira wa mm 16 kwenye lita 400 ni sawa na kunywa uji kwa mrija wa soda. Unafika, ila mashavu yanauma.

---

Kambale Mkuu

Bado nasema akichukua ya 10,000, hata bomba likimla nusu anabaki na 5,000. Hana hasara.

---

Mzee wa Sampu

Hasara ipo, haionekani dukani tu. Kuinua lita 4,000 kwa saa hadi mita 1.9 kunahitaji kama wati 21 za nguvu halisi ya maji. Pampu zetu hizi nyingi zinageuza kati ya robo na theluthi ya umeme kuwa kazi, nzuri sana zinapita hapo, kwa hiyo tegemea wati 50 hadi 80 ukutani. Sasa weka pampu ya wati 130 halafu uibane kwa koki hadi ikupe zilezile lita 4,000. Kwa pampu za namna hii kubana kunapunguza wati kiasi, lakini hakuifanyi ya wati 130 iwe ya 60.

Wati 1 inayowaka mwaka mzima ni uniti 8.76. Tofauti ya wati 70 ni uniti 613 kila mwaka, za kubishana na koki.

Na umeme huo hauendi hewani. Pampu iliyozama inamwaga joto lake lote majini. Wati 130 kwa siku ni uniti 3 na ushee za joto ndani ya tangi. Penye baridi utasema asante. Penye joto utaanza kutafuta feni.

---

Bi Kidimbwi

Wanaume mmeshika pampu, hakuna aliyemuuliza umeme ukikatika itakuwaje.

Mdogo wangu Sangara, mdomo wa bomba la kurudisha unatokea wapi tangini, na uko sentimita ngapi chini ya maji?

---

Sangara wa Sebuleni

Shikamoo dada. Nimepanga utokee sm 10 chini ya maji, ili usipige kelele na usionekane.

---

Bi Kidimbwi

Marahaba. Sasa kaa chini nikuhesabie.

Tangi lako ni sm 200 kwa 60. Kila sentimita moja ya kimo ni lita 12. Pampu ikizimika, maji yaliyo kwenye bomba yanageuka na kuanza kushuka, na yakishaanza yanavuta mengine nyuma yake kama mpira wa kuibia petroli kwenye tangi la gari. Yatasimama pale tu mdomo wa bomba utakapovuta hewa. Ukiwa sm 10 chini, hizo ni lita 120 zinazorudi kwenye sampu. Sampu yako ni sm 100 kwa 45, lita 4 na nusu kwa kila sentimita. Hata ukiwa umeacha sm 18 tupu juu, nafasi yako ni lita 81. Nyingine kama 39, pamoja na zilizokuwa kwenye kisanduku cha kufurikia, zitatembelea zulia.

Najua kwa sababu zilinitembelea. Saa nane usiku, umeme ulikatika dakika kumi tu. Nilikuwa na ile valvu ya kuzuia maji kurudi, nikaiamini. Konokono mdogo kama punje ya mtama alikuwa amekaa kwenye ulimi wake. Mbao za sakafu zilivimba zikawa kama mgongo wa mamba, na mume wangu hadi leo akisikia neno "tangi" anaangalia miguu yake.

Pandisha mdomo uwe sm 2 au 3 chini ya maji. Toboa na kitundu kidogo kwenye bomba karibu kabisa na uso wa maji, kivute hewa mapema, lakini kitundu hicho kisiwe ndiyo tegemeo lako maana nacho kinazibwa na mwani. Tegemeo liwe hesabu. Jaza maji, washa, halafu chomoa plagi kwa makusudi ukiwa umesimama hapo na ndoo. Maji yakitulia bila kufurika, washa tena, kisha chora mstari kwenye kioo cha sampu wakati pampu inafanya kazi: ikiwa inazunguka, maji yasizidi hapa.

---

Sangara wa Sebuleni

Dada umeniokoa. Nilikuwa naenda kununua hiyo valvu kesho.

---

Chumvi Kidogo

Natokea upande wa maji ya bahari lakini pampu ni zilezile. Niongelee pampu za AC (za umeme wa ukutani moja kwa moja) na za DC (zinazopitia adapta) kwa sababu hapo ndipo utakapokwama dukani.

Za AC ni ngumu na rahisi. Sumaku, impela (kipangaboi kinachosukuma maji), koili iliyofungiwa ndani ya plastiki, basi. Spidi yake inaamuliwa na umeme wenyewe, hezi 50 au 60, na ndiyo maana pampu moja inaweza kuwa na grafu mbili. Soma ya umeme wako. Inaweza kukaa miaka mingi bila neno. Ubaya wake ni hiyo spidi moja.

Za DC zina kidhibiti. Zinaanza polepole, zina kitufe cha kusimama dakika kumi wakati wa kulisha, nyingi ziko kimya zaidi, na nyingine unaweza kuziunganishia betri. Ubaya: kidhibiti na adapta ni vitu viwili zaidi vinavyoweza kufa, na mara nyingi ndivyo hufa kabla ya pampu.

Sasa mtego wenyewe. Watu wananunua DC kubwa wakisema nitaiendesha nusu spidi, itakuwa kimya na itakula kidogo. Ukipunguza spidi, lita zinapungua sawasawa na spidi, lakini kimo cha kupandisha kinapungua kwa spidi mara spidi. Pampu ya mita 5 ukiiweka nusu spidi siyo ya mita 2.5. Ni 5 × 0.5 × 0.5, mita 1.25. Sangara anahitaji 1.35 kabla hata ya msuguano. Maji yatapanda hadi karibu na mdomo, yatasimama hapo yakimwangalia. Pampu inanguruma, taa inawaka, hakuna kinachotoka, na yeye ataandika uzi mwingine kwamba ameuziwa kimeo.

Kwa hiyo kwa DC angalia mita kuliko lita. Uzuri ni kwamba umeme unashuka kwa spidi mara spidi mara spidi: asilimia 80 ya spidi ni kama nusu ya wati. (Asilimia za kwenye kidhibiti si lazima ziwe spidi halisi, lakini mwelekeo ni huo.)

Kwa vipimo vyako mimi ningechukua DC yenye grafu inayoanzia lita 8,000 na kuishia mita 5. Kwenye asilimia 80 hivi inapaswa kukupa 4,000 juu, na una akiba.

---

Ngisi

Kampuni gani mkuu? Taja tu.

---

Chumvi Kidogo

Sitaji, maana nikitaja uzi utageuka kuwa wa timu. Grafu iwepo, spea ya impela ipatikane bila kununua pampu nzima, na ekseli iwe ya kauri kama kuna uwezekano wa maji ya chumvi. Chuma kwenye maji ya chumvi kinaoza, na metali yenye shaba inaua kamba na matumbawe.

---

Pezi Refu

Vipi pampu ya kusukuma maji ya kisimani, ile ya kuzamisha? Ninayo nyumbani haina kazi, ina nguvu balaa.

---

Mzee wa Sampu

Usithubutu. Nyingi za namna hiyo zina chemba ya mafuta ya kulinda sili (kizuizi cha maji yasiingie kwenye mota). Sili ikichoka, mafuta yanatoka kwa samaki. Na nyingi hazikutengenezwa kuzunguka saa 24, siku 365.

---

Pezi Refu

Sawa mzee. Na zile za kukaa nje ya maji?

---

Mzee wa Sampu

Hizo sawa kabisa kwa matangi makubwa zaidi ya haya, na zinapunguza joto linaloingia majini. Lakini nyingi haziwezi kujivutia maji zenyewe, lazima zikae chini ya usawa wa sampu ili maji yaziingie kwa uzito wake. Utatoboa sampu, utaweka koki na yunioni pande zote mbili, na sili yake ikivuja inavujia sakafuni. Kwa lita 840 sioni haja.

Na kwa wote: koki ya kupunguzia inakaa upande wa kutokea. Ukiibana pampu upande wa kuvuta utaisikia inatafuna changarawe. Hakuna changarawe, ni mapovu yanayopasuka ndani na kuila impela.

---

Sangara wa Sebuleni

Vipi kuhusu pampu mbili ndogo badala ya moja? Moja ikifa nyingine inaendelea.

---

Mzee wa Sampu

Wazo zuri, nimelitumia. Sharti kila moja iwe na bomba lake hadi juu. Ukiziunganisha kwenye bomba moja, siku moja ikifa ile nzima itasukuma maji kupitia iliyokufa na kuyarudisha sampu, na juu yatafika ya kulamba tu. Kama mahali pa mabomba mawili huna, nunua moja nzuri na AC ya bei ya chini uiweke kabatini ikisubiri. Bakteria wa chujio hawasubiri duka lifunguliwe Jumatatu.

---

Chumvi Kidogo

Turudi kwenye kushuka kidogo, kwa sababu pampu haiamui peke yake. Una matundu mawili ya mm 40. Unaweza kuyatumia kwa mtindo wa Durso, bomba lenye kichwa kilichopinda na kitundu cha hewa, linalobeba maji na hewa pamoja. Rahisi, lakini ukilizidishia maji linakoroma. Au mtindo wa Herbie: bomba moja limejaa maji tupu bila hewa, limebanwa kwa geti valvu (koki ya kurekebisha kidogokidogo), na la pili limesimama juu zaidi likiwa kavu, la dharura. Huo ni kimya mno. (Wenye matundu matatu wanakwenda na BeanAnimal, lakini wewe huna la tatu, usitoboe kioo sasa.)

Nenda na Herbie. Jambo moja tu: geti valvu inawekwa kulingana na pampu. Ukibadilisha spidi, utairekebisha upya. Kwa hiyo DC yako itafutie spidi moja, uiache. Usicheze na kitufe kila jioni kama redio.

---

Kambale Mkuu

Haya, mmenishinda kwa hesabu. Lakini mimi yangu ya 12,000 bado inafanya kazi 😂

---

Bi Kidimbwi

Na bili yako pia inafanya kazi, Kambale.

---

Sangara wa Sebuleni

Wakuu, mrejesho baada ya wiki tatu.

Nilichukua DC, grafu inaanzia 8,000 na kuishia mita 5, wati 90 ikiwa wazi. Bomba la mm 20 nimempa jirani, nimeweka la mm 32, na kona mbili zimegeuka za nyuzi 45. Mdomo uko sm 3 chini ya maji.

Siku ya kwanza nilimjaribu Chumvi Kidogo kwa utukutu, nikaweka asilimia 50. Maji yakapanda, yakasimama. Kweli kabisa, yamenikodolea macho. Nilicheka peke yangu sebuleni.

Nikachomoa plagi mara tatu kama dada alivyoagiza. Sampu ilipanda, ikasimama sm 7 kabla ya ukingo. Mstari nimeuchora kwa kalamu nyekundu.

Swali: nitajuaje kama kweli napata lita 4,000 na siyo hisia?

---

Fundi Bomba

Ndoo. Ya lita 20, yenye alama. Ongeza maji kidogo kwenye chumba cha pampu kwanza kisije kikakauka, kinga mdomo wa bomba palepale juu (usiushushe, ukishusha umebadilisha kimo), mtu mwingine ashike saa. Lita 20 kwa sekunde 18 ni lita 4,000 kwa saa kamili.

---

Sangara wa Sebuleni

Asilimia 80: sekunde 18. Nimerudia mara nne, 18, 18, 19, 18. Kipima umeme kinasoma wati 55.

Geti valvu ilinichukua saa nzima kuipatia lakini sasa nasikia friji tu.

---

Mzee wa Sampu

Safi. Mambo matatu kabla hujatusahau. Waya wa pampu uninginie chini ya tundu la soketi kabla ya kupanda, ili tone likitembea juu yake lidondoke sakafuni na si kwenye plagi. Soketi iwe nyuma ya kikata umeme cha miliampia 30, kile kinachokata umeme unapovuja. Na weka pampu juu ya kipande cha sponji au mpira, kisha unganisha kwa mpira laini wa silikoni badala ya bomba gumu. Ngurumo nyingi ni za kabati, pampu inasingiziwa.

Na uangalie chumba cha pampu. Maji yote yanayokauka kwenye mfumo mzima yanaonekana hapo tu. Chumba chako kina upana gani?

---

Sangara wa Sebuleni

Sm 30 kwa 45.

---

Mzee wa Sampu

Lita 1.35 kwa sentimita. Tangi la ukubwa huo likikausha lita 6 kwa siku, chumba kinashuka zaidi ya sm 4. Ukisafiri siku tatu utakuta pampu inavuta hewa. Weka boya la kujazia, au jirani uliyempa bomba alipe fadhila.

---

Sangara wa Sebuleni

Nafufua uzi wangu, imepita miezi saba. Samaki wazima, oska mkubwa ananila vidole. Lakini tangu juzi kisanduku cha kufurikia kimeanza kukoroma kama mtu mwenye mafua. Sijagusa spidi, sijagusa geti valvu. Nimeifunga kidogo, ikatulia, leo imerudi. Bomba limeziba?

---

Chumvi Kidogo

Likiziba la kushukia, maji ya kisanduku yanapanda na la dharura linaanza kufanya kazi. Wewe maji ya kisanduku yamepanda au yameshuka?

---

Sangara wa Sebuleni

Yameshuka.

---

Chumvi Kidogo

Basi yanakuja kidogo kuliko yanavyotoka, na bomba linavuta hewa. Chini hakuna kilichoziba. Pampu imepungua. Rudia ndoo.

---

Sangara wa Sebuleni

Sekunde 23. Hiyo ni lita 3,130 hivi. Imekufa?

---

Bi Kidimbwi

Haijafa, imechafuka. Fungua hizo yunioni, toa impela, loweka pamoja na kifuniko chake kwenye siki na maji nusu kwa nusu, au asidi ya sitriki, nusu saa. Utaona chokaa inavyochemka. Sugua tundu la sumaku kwa mswaki wa zamani, kwa ndani kabisa, hapo ndipo konokono wanapojificha. Angalia na sumaku yenyewe: ikiwa imevimba au imepasuka ganda, usiirudishe majini. Suuza vizuri. Na geti valvu irudishe pale ulipokuwa umeiweka mwanzo.

---

Fundi Bomba

Hapo kwenye yunioni nasubiri shukrani zangu.

---

Sangara wa Sebuleni

Fundi, asante sana, dakika mbili pampu ilikuwa mkononi.

Konokono watano. Mmoja alikuwa hai. Sumaku nzima, ganda halina ufa.

Ndoo: sekunde 18.